Linalooli: harufu ya lavenda na ukweli wa manufaa yake

Chuma jani la mrehani, lifikiche kati ya vidole, unuse. Kisha ponda punje kavu ya giligilani, unuse tena. Sogea kwenye ua la lavenda. Mimea hii mitatu haifanani kwa umbo wala kwa matumizi, lakini ndani ya kila harufu kuna kitu kimoja kilekile, linalooli. Katika mafuta ya mbegu za giligilani ndiyo inayotawala, mara nyingi zaidi ya nusu ya mafuta yote. Imo kwenye majani ya chai, kwenye zabibu za aina ya muskati, kwenye hopsi za bia. Mimea inayofahamika kuitengeneza inapita 200.

Mimi natengeneza sabuni na krimu za kupaka, kwa hiyo mafuta yenye linalooli hupita mikononi mwangu mara kwa mara. Na kila anayeijua kazi yangu huniuliza swali lilelile: "Dada, haya mafuta ya lavenda kweli yanatibu?" Nikiuliza yatibu nini, orodha inafunguka: kukosa usingizi, presha, wasiwasi, chunusi, hata saratani.

Jibu langu haliwafurahishi wauzaji, wala haliwafurahishi wanaobeza. Ushahidi kuhusu linalooli una uzito kuliko wanavyodhani wanaobeza, na ni mwembamba kuliko wanavyotangaza wanaouza. Tena, kilichopimwa na watafiti mara nyingi sicho kilichomo kwenye kichupa ulichonunua. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu anayeumia ni mtu aliyeamini kwa nia njema.

Linalooli ni terpini. Terpini ni ukoo mkubwa wa kemikali za mimea, na zote hujengwa kwa kipande kimoja cha msingi chenye atomi 5 za kaboni kinachoitwa isoprini. Vipande viwili vikiungana unapata kaboni 10, na huko ndiko ziliko harufu nyepesi zinazoruka upesi: limonini ya ganda la chungwa, pinini ya misonobari, mentholi ya mnanaa, na linalooli yenyewe. Vikiungana vitatu unapata kaboni 15, mfano kariofilini ya karafuu na pilipili manga. Otto Wallach alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1910 kwa kazi iliyofungua mlango wa ukoo huu, na Leopold Ružička akapata ya kwake mwaka 1939. Huyu wa pili ndiye aliyeieleza kanuni ya isoprini kwa namna tunayoitumia leo.

Molekuli ya linalooli huja kwa sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Atomi ni zilezile na zimeungana vilevile, ila huwezi kuilaza moja juu ya nyingine zikalingana. Lavenda hutengeneza karibu zote za upande mmoja. Giligilani hutengeneza zaidi za upande wa pili. Pua inazitambua: ya lavenda ina harufu ya ubao na maua, ya giligilani ina utamu zaidi. Linalooli ya kiwandani, ambayo ndiyo iliyomo kwenye sabuni na manukato mengi, kwa kawaida ni mchanganyiko wa zote mbili. Si sumu kwa kuwa tu imetoka kiwandani, na watu wanaonitajia neno "asili" kana kwamba ni cheti cha usalama huwa nawaomba tuzungumze kidogo. Mti wa rosewood wa Amazon, ambao mafuta yake ni linalooli kwa sehemu kubwa sana, ulikatwa kwa fujo kwa ajili ya manukato hadi mwaka 2010 ukaingizwa kwenye orodha ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Kiwanda kimeuokoa mti huo kuliko mapenzi yetu kwa vya asili.

Lakini mmea unapata faida gani kwa kutengeneza kitu hiki? Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu linatuondoa kwenye dhana kwamba harufu nzuri iliwekwa kwa ajili yetu. Mwaka 2001 André Kessler na Ian Baldwin walichapisha matokeo ya kazi yao kwenye jangwa la Utah, Marekani, juu ya tumbaku ya porini. Tumbaku ile ikishambuliwa na wadudu hutoa hewani mchanganyiko wa kemikali, na linalooli ni mojawapo. Watafiti wakachukua kemikali hizo mojamoja na kuziweka kwenye mimea iliyosimama palepale porini. Penye linalooli, nondo walitaga mayai machache zaidi. Tena wadudu wawindaji walivutwa na kuyala mayai yaliyokuwepo. Wakikadiria jumla ya athari hizo mbili, waliona kwamba mmea unaotoa harufu unaweza kupunguza wanaoushambulia kwa zaidi ya asilimia 90.

Kwa hiyo linalooli ni silaha na pia ni wito. Mmea umeitengeneza ili ibadilishe mwenendo wa viumbe vyenye mishipa ya fahamu. Ukishalijua hilo, wazo kwamba inaweza kubadilisha kitu ndani ya mtu si la kuchekwa. Na ukoo wenyewe umeshatoa dawa nzito: artemisinini, inayotibu malaria na iliyompatia Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015, ni ya ukoo wa terpini. Paklitakseli, dawa ya saratani iliyopatikana kwanza kwenye gome la mti, nayo ni ya ukoo huo. Ila artemisinini ilitengwa, ikapimwa, ikawekewa kipimo na masharti. Undugu wa kikemia peke yake hautibu mtu.

Sasa tuje kwenye utulivu, kwa maana ndio unaotajwa sana.

Mwaka 2018 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Kagoshima, Japani, akiwemo Hideki Kashiwadani, walichapisha utafiti ambao nadhani kila anayeuza lavenda angepaswa kuusoma. Panya huogopa mahali pa wazi na penye mwanga. Ukimweka kwenye sanduku lenye upande wa giza na upande wa mwanga, atajibanza gizani. Ukimweka juu ya njia za msalaba zilizoinuliwa, mbili zikiwa na kuta na mbili hazina, ataganda penye kuta. Watafiti waliwavutisha panya hewa yenye mvuke wa linalooli, kisha wakawaingiza kwenye majaribio hayo. Panya walitoka zaidi kwenye mwanga, walitembea zaidi kwenye njia zisizo na kuta, na wala hawakulegea au kuyumba. Hilo la kutolegea ni muhimu, maana dawa nyingi za kutuliza huleta utulivu pamoja na uzito wa mwili.

Kisha wakauliza swali lililo bora zaidi: je, linalooli inafika kwenye ubongo kwa kupitia mapafu na damu, au inafanya kazi kwa kunuswa tu? Wakachukua panya walioharibiwa utando wa kunusia, wakawavutisha mvuke uleule. Hakuna kilichotokea. Panya asiyenusa hakutulia. Hatimaye wakawapa panya wanaonusa flumazenili, dawa ambayo hospitalini hutumika kuondoa makali ya dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu. Utulivu ukatoweka. Maana yake ni kwamba harufu ilipita puani, ikawasha njia ndani ya ubongo, na njia hiyo inahitaji vipokezi vya GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza neva, vilevile vinavyoguswa na diazepamu.

Nilipousoma utafiti huo nilirudia sehemu ya panya wasionusa mara kadhaa. Kwa panya, kunusa kwenyewe ndiyo dawa.

Ila hao ni panya. Kwa binadamu ushahidi ulio imara zaidi umetoka upande usiotarajiwa kabisa, kwenye kapsuli za kumeza. Kuna mafuta ya lavenda yaliyosanifiwa nchini Ujerumani yanayoitwa Silexan, miligramu 80 ndani ya kapsuli moja, na sehemu yake kubwa ni linalooli pamoja na nduguye wa karibu, linalili asetati. Mwaka 2010 Woelk na Schläfke waliyalinganisha na lorazepamu, dawa ya kutuliza ya jamii ya diazepamu, ya miligramu 0.5 kwa watu 77 wenye ugonjwa wa wasiwasi wa jumla, kwa muda wa wiki 6. Pande zote mbili wasiwasi ulishuka kwa kiwango kinachokaribiana. Inavutia, lakini kipimo hicho cha lorazepamu ni kidogo, na hakukuwa na kundi la kidonge kitupu, kisicho na dawa, la kulinganisha nalo.

Jaribio la mwaka 2014 lililoongozwa na Siegfried Kasper ndilo ninaloliamini zaidi. Watu wazima 539 waligawanywa makundi manne kwa wiki 10: Silexan miligramu 160, Silexan miligramu 80, paroksetini (dawa ya hospitali ya wasiwasi na sonona) miligramu 20, na kidonge kitupu. Kwa kipimo cha Hamilton, ambacho hupima ukali wa wasiwasi kwa alama, waliomeza miligramu 160 walishuka kwa wastani wa alama 14.1. Wa miligramu 80 walishuka 12.8. Wa paroksetini 11.3. Na wa kidonge kitupu? 9.5.

Ziangalie hizo namba polepole. Linalooli na wenzake walishinda, na ushindi wao ni wa kweli. Lakini sehemu kubwa ya nafuu ilipatikana hata kwa aliyemeza kitu kisicho na dawa, yaani ilitokana na muda kupita, na kuonwa na daktari mara kwa mara, na kutarajia kupona. Tofauti kati ya kipimo kikubwa cha dawa na kitu kitupu ni alama 4.6. Kwa mtu anayepata usingizi wa saa mbili tu kwa usiku mzima, alama hizo zina thamani. Kwa tangazo linaloahidi kumaliza wasiwasi, hazitoshi hata kidogo.

Kuna mambo mawili zaidi ya kuyaweka mezani. Tafiti nyingi za Silexan zimefanywa kwa mkono wa kampuni inayoitengeneza. Hilo haliufanyi ushahidi kuwa uongo, bali linaufanya uhitaji kurudiwa na wasio na maslahi. Pili, lawama kuu ya wanaoimeza ni kubeua, na mbweu wenyewe unanukia lavenda. Watafiti walijitahidi, wakavitia vidonge vitupu harufu kidogo ili visijulikane. Lakini mtu anayebeua lavenda mchana kutwa atakuwa na fununu kwamba yeye kapewa dawa, na fununu hiyo nayo hutuliza.

Sasa linganisha na kichupa cha dukani. Mtu anasoma mahali kwamba "lavenda imethibitishwa kutibu wasiwasi", ananunua mafuta, anadondosha matone mawili juu ya mto. Kilichothibitishwa ni kapsuli ya kipimo maalumu, iliyomezwa kila siku kwa wiki kadhaa. Hata Shirika la Dawa la Ulaya linayatambua mafuta ya lavenda kwa misingi ya matumizi ya muda mrefu tu, kwa dalili nyepesi za msongo wa mawazo na uchovu na kusaidia usingizi. Matone ya juu ya mto hayajapewa ushahidi huo. Yanaweza kusaidia, kwa njia ya pua ambayo panya wa Kagoshima walituonyesha, na mimi mwenyewe napenda harufu hiyo chumbani nikijiandaa kulala. Kupenda kwangu hakuwi ushahidi kwa mtu mwingine.

Na masaji? Watafiti wa Vienna walipima mwaka 1992, wakakuta linalooli ndani ya damu dakika chache tu baada ya tumbo kusuguliwa kwa mafuta yenye lavenda. Ilifika kileleni kabla ya dakika ya 20, na ndani ya saa moja na nusu ilikuwa karibu imekwisha. Kwa hiyo ngozi inaipitisha, na mwili unaiondoa upesi mno. Yeyote anayekuambia kwamba masaji ya Jumamosi "itasafisha" damu hadi Ijumaa, mpe habari hiyo.

Hadithi ya René-Maurice Gattefossé, mkemia wa Ufaransa aliyebuni neno aromatherapia, yaani tiba ya mafuta yenye harufu, nayo imepotoshwa vibaya. Husimuliwa kwamba aliungua mkono maabara, akautumbukiza kwa bahati kwenye pipa la lavenda, ukapona. Aliungua kweli mwaka 1910. Alichoandika yeye ni kwamba alijigaragaza nyasini kuuzima moto, na baadaye, vidonda vilipoingia ugonjwa hatari wa kuoza, ndipo akavisafisha kwa mafuta ya lavenda kwa makusudi. Alikuwa mtaalamu aliyejua anachofanya.

Nije kwenye ngozi, maana hapo ndipo kazi yangu ilipo na hapo ndipo naona watu wakidhurika.

Linalooli mbichi, iliyotoka kukenekwa, haina ugomvi mkubwa na ngozi. Tatizo ni hewa. Kila unapofungua kichupa, oksijeni inaingia na kuanza kuungana nayo, na kinachozaliwa ni haidroperoksidi, ambazo ngozi za watu wengi hazizipendi kabisa. Watafiti wa Sweden, akiwemo Ann-Therese Karlberg, wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wagonjwa 2,900 wa kliniki za ngozi katika nchi kadhaa walibandikwa linalooli iliyokaa hewani. Kati ya kila 100, takriban 7 walionyesha mzio. Hao walikuwa watu waliokwenda kliniki tayari wakiwa na matatizo ya ngozi, kwa hiyo usiichukue namba hiyo kama ya watu wote. Bado ni kubwa. Na mzio wa aina hii ukishaingia hauondoki. Mwili umeshakariri adui wake.

Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya unataka linalooli itajwe kwa jina kwenye lebo inapozidi asilimia 0.001 katika bidhaa inayobaki mwilini, na asilimia 0.01 katika inayooshwa. Ukiliona jina hilo mwishoni mwa orodha ya viambato vya krimu yako, usidhani umetiliwa sumu. Umeambiwa ukweli, ili mwenye mzio ajue la kuepuka.

Ukitaka kuona mabadiliko yenyewe, dondosha tone la mafuta mapya kwenye kipande cha karatasi, na la kichupa kilichokaa nusu tupu dirishani kwenye kipande kingine. Acha dakika chache. Lile jipya lina uchangamfu, unasikia maua kwanza, halafu ubao, na kati yake kitu kama ganda la limau. La zamani huwa limelala. Juu pamepotea, na chini pana ukali kidogo unaokwaruza koo. Lakini usitegemee pua peke yake, kwani mafuta yanaweza kuwa yameshaharibika na bado yakanukia vizuri. Mimi nanunua vichupa vidogo, vya kioo cheusi au kahawia, navitunza kwenye jokofu, na naandika tarehe ya kufungua kwa kalamu juu ya kifuniko. Yaliyokaa muda mrefu siyatii kwenye kitu cha kupaka, hata yakiwa ya bei.

Na tafadhali usipake mafuta haya bila kuyachanganya na mafuta ya kawaida. Usiyanywe kwa kijiko kwa sababu umesikia kuna kapsuli. Yaweke mbali na watoto. Kama unafuga paka, usivukize chumba kilichofungwa, maana ini la paka lina upungufu wa uwezo wa kuvunja kemikali nyingi za namna hii. Mwenye pumu awe mwangalifu na mvuke wowote wenye harufu kali. Anayetumia dawa za usingizi au za wasiwasi azungumze na daktari kabla ya kuongeza kapsuli.

Kuhusu saratani nitasema wazi. Zipo tafiti ambamo linalooli iliua seli za saratani ndani ya vyombo vya maabara. Vitu vingi mno huua seli ndani ya chombo, na hakuna ruhusa ya kuruka kutoka hapo hadi kwa mgonjwa. Anayemshawishi mtu aache matibabu ya hospitali kwa ajili ya kichupa cha lavenda anafanya uovu, hata akiamini anasaidia. Sina namna laini ya kulisema hilo.

Kuna jambo moja ambalo bado linanisumbua akili. Panya wasionusa hawakutulia. Pua ilikuwa ya lazima. Lakini kapsuli humezwa, na hutuliza. Maelezo yaliyopo ya kapsuli yanataja njia nyingine: mafuta hayo yanaonekana kupunguza kuingia kwa kalsiamu kwenye seli za neva, hivyo neva iliyopaparika inapunguza kelele. Basi huenda tuna dawa mbili zenye jina moja, ya pua na ya tumbo. Au huenda ule mbweu unaonukia, ambao tunauita usumbufu, ndio unaoipeleka linalooli puani mchana kutwa.

Tangu korona ilipoingia, watu wengi duniani wanaijua hali ya kuamka bila uwezo wa kunusa, na baadhi yao hawajaupata tena. Ningependa kuona jaribio ambalo watu wenye wasiwasi wanapewa kapsuli hizo, nusu yao wakiwa wale waliopoteza kabisa kunusa. Wasionusa wakitulia sawa na wenzao, tutajua kapsuli inajitegemea, na anayeuza kichupa cha kunusa atalazimika kutafuta ushahidi wake mwenyewe badala ya kuazima wa kapsuli. Wasipotulia, basi sifa zote hizo zilikuwa za pua tangu mwanzo, na kipimo cha kuandikiwa mgonjwa kitapaswa kuhesabiwa upya kwa hewa anayoivuta.